Siku Waya Syprose Alipojisikia Ogwedhi

Alhamisi. Migori imelowa. Mvua ilianza kabla sijafungua duka na mpaka sasa haijaamua kama inaondoka au inakaa. Hakuna mzazi atakayeleta kitambaa cha sare katika matope haya, kwa hivyo cherehani imepumzika na mimi nimekaa na simu mkononi, chai inapoa. Najaribu kuandika yaliyotupata tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nangoja yaishe kwanza ndipo niyaandike. Juzi yameisha. Au pengine juzi ndiyo yameanza, sijui.

Nina furaha. Naisema mapema kwa sababu nyinyi mnaosoma hapa mmenizoea nikilalamika.

Waya Syprose ni dada ya baba yangu. Sisi Waluo shangazi wa upande wa baba tunamwita waya, na kwetu ukisema Waya bila kutaja jina, kila mtu anajua ni yule wa Mbita. Anakodisha mahema na viti vya plastiki kwa mazishi na harusi, na huko viti vinakokwenda yeye pia huenda, akaimba. Watu humtania kwamba ukichukua viti vyake unaongezewa mwimbaji. Naye hujibu kwamba hapana, ukimchukua mwimbaji ndipo unaongezewa viti.

Zamani alikuwa na bendi ya benga yeye na mumewe, Owuor, aliyekuwa akipiga gita la solo. Walirekodi kaseti moja tu maishani mwao, katika chumba kimoja mjini Homa Bay ambacho madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi ili honi za barabarani zisiingie. Wimbo uliopendwa katika kaseti hiyo uliitwa Nyamrerwa, maana yake mkunga. Waya aliutunga kumshukuru mama mzee aliyemzalisha mtoto wake wa kwanza wakati mto umefurika na hakuna njia ya kufika hospitali.

Kaseti ilinunuliwa, ikanakiliwa na kila mwenye redio ya milango miwili ya kaseti, ikapigwa kwenye mabaa, kisha ikapotea. Mwenye studio alifunga biashara na mkanda wenyewe haukujulikana ulikwenda wapi. Nakala ya Waya iliazimwa na jamaa, na kitu kilichoazimwa na jamaa mnajua huwa hakirudi. Owuor naye akafariki.

Ninachompendea shangazi yangu ni kwamba hakubaki amekaa juu ya kaburi la kaseti akilia.

Zilipokuja CD, alijaribu CD. Kinanda kilipofukuza magita kwenye mazishi, alijifunza kuimba na kinanda, ingawa aliniambia ni kama kula samaki aliyetolewa miiba, ulimi unakosa kazi. Watu walipoanza kurusha mazishi moja kwa moja kwenye simu ili jamaa walio nje ya nchi waone, waimbaji wengi waliwaona wapiga kamera kama nzi wanaosumbua. Waya alimfuata mpiga kamera akamwomba achomeke waya wa maikrofoni yake moja kwa moja kwenye mashine, maana alikuwa amesikia kwamba huko ng'ambo sauti inafika kama mtu aliyefunikwa sufuria kichwani. Tangu siku hiyo, kabla ya kuimba, huitazama kamera na kuwasalimu walio ndani ya simu kwa majina yao, kama anavyowasalimu waliokaa kwenye viti. Nimewaona watu wazima huko mbali wakiandika kwamba wamelia kwa sababu ya salamu tu.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Mume wangu, Chacha, ni Mkuria wa Kehancha. Nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili kwa sababu Kikuria changu ni cha kuombea maji na Kijaluo chake ni cha kuombea samaki. Mwezi jana alikwenda kwao kumwona mama yake. Akiwa kituo cha bodaboda akasikia wimbo kwenye simu ya kijana mmoja. Vijana walikuwa wamezunguka simu hiyo wakijifunza mtindo wa kucheza, mabega yanatikisika, mguu mmoja unaburuzwa. Chacha aliusikiliza mpaka mwisho, akaomba arudishiwe mwanzo, kisha akanipigia.

"Lilian, huu si ule wimbo shangazi yako aliimba kwa arusi yetu?"

Ndio wenyewe. Vijana wa Kuria, ambao hawajui Kijaluo hata chembe, walikuwa wakicheza wimbo wa mkunga wa kwetu Gembe wakidhani ni wa mapenzi. Video zilikuwa nyingi. Wengine walicheza shambani kwenye tumbaku, wengine mbele ya duka la kinyozi, na bibi harusi mmoja alicheza akiwa na gauni lake lote. Zote zilichota sauti kwenye ukurasa mmoja wenye wimbo mzima, na kwenye ukurasa huo palikuwa na picha ya msichana ambaye hakuna mtu wa ukoo wetu aliyemfahamu. Jina la mwimbaji halikuwepo.

Nilimtumia Waya. Nilidhani atashangilia kusikia sauti yake ya ujana. Akanipigia.

"Hiyo ni gita ya Owuor," akasema.

Alisema hivyo tu, akakata simu.

Wiki hiyo hiyo aliamua kuwa naye lazima awe na ukurasa wake. Nilikwenda Mbita kumsaidia. Alivaa kitenge cha bluu, akaketi chini ya hema lake moja alilolisimamisha uani kwa ajili ya kazi hiyo, akawasha ule wimbo wa zamani kwenye spika na kuimba juu yake, sauti ya sasa ikiitikia sauti ya zamani. Katikati alieleza kwa Kiswahili mkunga huyo alikuwa nani. Mimi nilishika simu. Ilikuwa kama kumwona mama na binti wakiimba pamoja, ilhali wote wawili ni yeye.

Tuliipandisha video. Asubuhi tulipoamka, sauti ilikuwa imezimwa.

Mtandao ulikuwa umeandika kwamba wimbo uliotumika una mwenyewe, na mwenyewe ni ule ukurasa wenye picha ya msichana. Waya alivaa miwani yake akaitazama video. Alijiona amekaa chini ya hema, mdomo unafunguka na kufungwa, mkono unapaa, shingo inajaa, na hakuna kinachotoka.

Aliitazama yote, mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mwizi ni mimi," akasema.

Mashine haikuwa na nia mbaya. Iliambiwa kitu hiki ni cha fulani, ikaamini. Lakini ukimwona mtu uliyekua ukimsikia akiimba, ukamwona hivyo, bila sauti, unataka kuvunja kitu.

Ndugu zetu walitaka kuvunja. Katika kikundi cha familia, mmoja alisema atatafuta wakili, mwingine alisema polisi, na wawili walikuwa tayari wamekwenda kwenye ule ukurasa kuandika matusi. Waya aliposikia kuhusu matusi alituma ujumbe wa sauti kwa wote, taratibu, kama anayeongea na watoto mezani.

"Mtu hujakaa na yeye, hujamsikia, unamtukana aje? Futeni hayo maneno. Huyo mtu kwanza ameniwekea gita ya bwana yangu. Mimi nataka kumuuliza aliitoa wapi."

Yakafutwa. Kisha akaniambia nimwandikie mwenye ukurasa kwa niaba yake. Niliandika kwa adabu, ingawa nakiri adabu ile ilikuwa na pilipili kidogo.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa sauti ya mwanamume, Kiswahili cha polepole, na nyuma yake kengele za ng'ombe. Alijiita Sironka, mfugaji Mmaasai wa upande wa Ogwedhi. Alisema alikuwa malishoni ambako simu haishiki. Akasema pia kwamba sisi si wa kwanza. Tangu vijana waanze kucheza, watu kadhaa walikuwa wamemwandikia, kila mmoja akidai wimbo ni wake au wa marehemu baba yake.

"Kama kweli ni wewe, mama, kuja nyumbani," alisema. "Siku ya soko utanipata. Usikasirike kama siwezi kuamini kwa simu."

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Waya angeonyesha nini? Kaseti hana. Karatasi hana, kwa sababu wakati huo watu walirekodi kwa kupeana mikono. Studio haipo. Mpiga solo amekufa. Sauti yake imeshuka, imekuwa nzito, na mtu asiyemjua angesema ni mwimbaji mwingine kabisa. Ushahidi wote aliokuwa nao ulikuwa ni yeye mwenyewe.

Chacha aliazima pikapu ya rafiki yake. Waya alikuja Migori, akalala kwetu, na asubuhi ya siku ya soko tukaondoka. Alivaa kama anayekwenda kanisani. Njiani hakuimba, hata kidogo, na mimi sijawahi kusafiri naye akawa hivyo.

Soko la Ogwedhi lilikuwa limejaa. Ng'ombe wanasukumana, madalali wanashikana vidole kupatana bei, vumbi mpaka kwenye meno. Tuliuliza tukaonyeshwa mtu mrefu, mwembamba, wa makamo, amejifunga shuka juu ya koti. Alitusalimu mmoja mmoja. Alipomfikia Waya alimtazama usoni kwa muda, kama anayetafuta kitu, na nilimwona akikikosa. Hakusema lolote la kumvunjia heshima. Alimaliza biashara yake, akaingia nyuma ya pikapu na kutuelekeza kwake.

Mkewe alituletea chai iliyojaa maziwa. Sironka akatoka chumba cha ndani akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwa leso, akakifungua mezani. Ilikuwa redio kaseti ya zamani, kishikio kimefungwa kwa waya, na ndani yake kaseti ambayo karatasi yake ilikuwa imesuguliwa na vidole mpaka ikawa nyeupe tupu.

Waya aliweka kikombe chini.

"Hii ndiyo mama yangu alinunua Migori," Sironka akasema. "Alikuwa hajui Kijaluo. Alisimama mahali wanauza kaseti, akasikia hii sauti, akauza kuku akainunua. Alikuwa anatundika redio kwa zizi la ndama akikamua. Sisi watoto tumeamka na hii sauti kila siku."

Kisha akaeleza kilichobaki. Mama yake alizeeka, akaugua, na hata akiwa kitandani aliomba awekewe kaseti yake. Mashine ikaanza kuila tepu. Sironka akaogopa kwamba siku moja itakatika na hakutakuwa na kitu cha kumpigia mama. Akaipeleka duka moja la kompyuta ili iwekwe kwenye simu. Hapo dukani wakamwambia pia inaweza kuwekwa mtandaoni isipotee kamwe, ila inahitaji jina la mwenyewe na picha. Karatasi ilikuwa imefutika. Alikuwa ameuliza wafanyabiashara wengi Waluo, na wote walijua tu kwamba ni ule wimbo wa mkunga. Kwa hivyo akaandikisha jina lake mwenyewe. Picha akatoa ya mama yake.

Yule msichana. Tulikuwa tumemchukia mwezi mzima, ukoo mzima, na alikuwa ni mama wa mtu, amepigwa picha akiwa mwali, amevaa shanga.

Chacha alikohoa. Mimi niliangalia chai yangu.

"Lakini, mama, nikuulize kile nimeuliza wale wengine," Sironka akaendelea. "Niliweka upande wa kwanza peke yake. Upande wa pili sijawahi kutoa nje ya hii nyumba. Huko kuna nini?"

Lilikuwa swali la haki. Mimi pia ningeuliza hivyo. Nikamgeukia Waya, nikaona hajui.

Alifumba macho. Akasema kuna wimbo mmoja wa harusi ya dada yake. Mwingine, alidhani, ulikuwa wa kumsifu mvuvi aliyewanunulia amplifaya. Au huo hawakuurekodi? Akahesabu kwa vidole, akaacha.

"Nimesahau, mwanangu," akasema. "Ni miaka mingi, na sijausikia tena. Siwezi kukudanganya."

Angeweza kubuni kitu. Angeweza kukasirika, kugonga meza, kusema mimi ni mimi. Sijui ni watu wangapi wangesema ukweli huo mbele ya mtu aliyeshika mali yao mkononi.

Sironka alimtazama tena, safari hii kwa upole. Akaigeuza kaseti na kubonyeza.

Kelele ya tepu kwanza, kama mafuta yanayochemka. Halafu gita. Solo ilianza juu, ikashuka kwa haraka, ikazunguka mahali pamoja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Waya akasimama. Sidhani alijua kwamba amesimama. Sauti kwenye tepu ilikuwa bado haijaingia, na yeye akavuta pumzi na kuanza kuimba, neno la kwanza kabisa, na neno lile lile likatoka redioni sambamba na lake, juu kidogo, changa. Hakukosea hata pale wimbo ulipokata kona ghafla. Kichwa kilikuwa kimesahau, lakini mwili haukuwa umeambiwa usahau.

Mke wa Sironka alikuja akasimama mlangoni na ndoo mkononi.

Katikati ya wimbo, magita yalishuka chini, na mwanamume akaanza kuzungumza. Wanaojua benga watanielewa. Kuna mahali wimbo unapungua ili mtu ajisifu au amsifu ampendaye, tunapaita pakruok. Yule mtu alisema, kwa furaha ya mtu aliyeshiba, "An Owuor, chuor Syprose nyar Gembe, ma dwonde loyo gita."

Waya aliacha kuimba.

Alishika ukingo wa meza. Redio ikaendelea peke yake, yeye wa zamani akaimba ubeti uliofuata, na yeye wa sasa alikuwa amesimama akilia bila sauti, machozi tu, akitabasamu.

"Amesema nini?" Sironka aliniuliza kwa kunong'ona. "Hapo tulikuwa tunacheka tukiwa wadogo. Mama alikuwa anasema huyu bwana anaonekana ni mtu mzuri."

Nikamfasiria. Nilisema huyo ni mume wake, marehemu. Anasema, mimi ni Owuor, mume wa Syprose binti wa Gembe, ambaye sauti yake inalishinda gita.

Sironka alirudia polepole, "Syprose." Jina alilokuwa akilitafuta kwa kila mfanyabiashara aliyepita lilikuwa limetamkwa ndani ya nyumba yake maisha yake yote, kwa lugha asiyoijua. Alivua kofia. Akainama mbele ya Waya, kichwa chini, kama watoto wa kwao wanavyowaamkia wazazi, naye Waya, ambaye si wa mila hiyo, alijua tu la kufanya, akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Yeyo angefurahi," Sironka akasema. Yeyo ni mama, kwao. Wake alikuwa ameshafariki.

Waya akaomba aione ile picha halisi. Ililetwa. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kwa hivyo ni wewe," aliiambia picha. "Watu wangu wote walinipoteza. Wewe ukanishika."

Kisha likaja jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike leo.

Sironka alitoa simu yake akasema atafuta ule ukurasa pale pale, mbele yetu, ili Waya apandishe wimbo wake upya kwa jina lake. Kidole kilikuwa tayari kiko juu ya kioo. Nakiri mimi nilitaka afute. Ndugu zetu wote walitaka hivyo. Ilionekana ndiyo haki.

"Ukifuta," Waya akauliza, "wale watoto wa Kehancha wanaocheza, inakuwaje na wao?"

Chacha alimweleza. Video zote zilizotumia wimbo kutoka kwenye ukurasa huo zitanyamaza. Watabaki wanatikisa mabega bila muziki.

"Kama mimi siku ile."

"Ndiyo, mama. Kama siku ile," Chacha akajibu.

Alifikiri. Niliujua uso ule, ni uso anaouvaa wenye msiba wanapotaka viti vingi kuliko alivyo navyo, na yeye anatafuta namna.

"Usifute," akasema. "Hakuna mtu anyamazishwe kwa sababu yangu. Andika majina."

Sironka akaandika, herufi moja moja, Waya akitaja. La kwanza hakutaja lake. Alitaja la mkunga. Likafuata la Owuor, gita la solo. Wa besi, wa ridhimu, wa ngoma, wawili kati yao ni marehemu, mmoja amehamia Tanzania na hatujui kama yu hai. Halafu lake, Syprose, mtunzi na mwimbaji. Mwisho akasema, na mama yako, aliyehifadhi. Jina lake ni nani? Na picha ibaki pale pale.

Kuhusu pesa zilizotokana na wimbo sitaandika. Zilikuwa ndogo, zikazungumzwa kwa heshima, zikaisha.

Sironka alitaka kumpa kaseti. Waya alikataa, akasema kaseti ni ya mama yake, yeye apewe sauti tu. Kwa hivyo tulirudi Migori wote wanne, redio ikiwa mapajani mwa Sironka imefungwa leso yake kama mtoto mchanga, mpaka kwenye duka la kompyuta, ili upande wa pili nao uhamishwe vizuri kabla tepu haijaliwa. Sironka alikaa karibu na fundi muda wote. Kila mashine ilipokwaruza, alinyoosha shingo.

Barua ya kueleza mtandao kwamba wimbo una mwenyewe mwingine waliiandika pamoja, yeye na Waya, na mimi nikaisahihisha. Tukangoja. Wakauliza maswali, tukajibu. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Juzi, Jumanne, nikiwa nashona kola, simu ililia. Alikuwa Waya.

"Lilian, fungua ile video."

Niliifungua. Hema, kitenge cha bluu, mdomo ukafunguka, na sauti ikatoka. Sauti mbili.

Jioni yake alikuja laivu, akiwa amekaa kwenye kiti chake kimoja cha plastiki. Aliwasalimu kwanza waliokuwa wakicheza, kwa majina yao ya mtandaoni, hata yale ya ajabu ajabu, akiyasoma kwa makini kama majina ya ubatizo. Akawaambia kwa Kiswahili kile cha Mbita kwamba wimbo wanaoucheza si wa mpenzi. Ni wa mwanamke aliyekuja na taa ya kandili wakati kila mtu mwingine alikuwa ameshindwa kuvuka, na mikono yake ilikuwa na joto. Nilidhani wataondoka, maana vijana na mahubiri mnajua. Kijana mmoja wa Kehancha akaandika jina la nyanya yake, kwamba naye alizalisha kijiji kizima. Mwingine akaandika jina la muuguzi. Halafu yakaanza kumiminika, majina ya wanawake, Wakuria, Wajaluo, Wamaasai, Wakisii, moja baada ya jingine, na Waya akawa anayasoma kwa sauti, mpaka ikabidi anywe maji.

Sina imani kubwa na hii mitandao. Iliyompa Waya sauti juzi ndiyo iliyomnyang'anya, na kesho inaweza kubadilisha masharti bila kumwuliza mtu. Waya anajua hilo kuliko mimi. Ameshaona mkanda ukipita, CD ikipita, na anasema hata hii nayo itapita. Hajawahi kuvipenda vifaa kama vifaa. Kila kinapokuja kipya yeye huuliza kitu kimoja, kama kinaweza kumfikisha mahali watu walipo, na kama kinaweza basi ataivaa miwani ajifunze.

Leo asubuhi, katikati ya mvua hii, nimempigia nikidhani atahitaji msaada wa kupandisha zile nyimbo za upande wa pili. Alikuwa na haraka. Alisema ameshazipandisha mwenyewe, na sasa hivi ana wageni, akina mama watatu wanaoimba, mmoja wa ngoma ya ohangla, wamekuja na nyimbo zao za zamani kwenye simu na hawajui waanzie wapi. Nilisikia viti vikiburuzwa. Nilimsikia akiwaambia, "Kaeni. Kwanza tuandike nani aliimba na nani alipiga. Wimbo baadaye."

Akanikatia.

Nimecheka peke yangu dukani mpaka mama wa duka la jirani akachungulia.

Halafu nikawaza. Mama yake Chacha, kule Kehancha, huimba akipukuchua mahindi. Ni nyimbo za Kikuria ambazo sizielewi, na Chacha mwenyewe anasema nyingine hajazisikia kwa mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyewahi kuzirekodi. Nimeolewa katika nyumba ile, nimekula ugali wake, nimelia begani mwake. Mimi humwita mama. Majirani humwita Mama Chacha. Na nikijiuliza sasa hivi ningeandika nini chini ya sauti yake, sijui.

Mvua inapungua. Jumamosi nitapanda kwenda Kehancha. Nitamsaidia mahindi kwanza, na kabla sijawasha simu nitamwomba aniambie jina alilopewa alipozaliwa, na nani alimpa.